King'ora cha Kulinda Mahindi

Jirani yangu hapa Malangali alipofunga king'ora kwenye gereji ya nyumbani kwake, roho iliniuma hadi ugali ukanishinda. Gereji hata mimi ninayo, ila ndani mna magunia ya mahindi na ulezi tu. Nikamwita fundi yuleyule aliyemfungia, nikamwambia changu kipige kelele zaidi.

Jumapili, tumetoka tu kanisani, kikalia. Mtaa mzima ukakimbilia kwangu, jirani akiwa mbele. Nikafungua mlango: kuku wa mke wangu yuko juu ya magunia, anadonoa.

Jirani hakucheka hata kidogo. Akanishika bega. "Kaka, gari langu la pili linalala nje. Naomba nililaze humu."

Mke wangu akakubali kabla sijafungua mdomo. Sasa kila jioni nawasha king'ora changu, kilinde gari lake.