Binti yangu alianguka practical ya nursing, na kosa lilitoka kwa nyumba yangu

Wakuu, salamu kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Mimi si mtu wa kuandika. Niliacha shule darasa la nne nikaenda kupakia mbao Elburgon, na leo niko na yadi yangu ya mbao hapa Rhonda, Nakuru, lorry mbili na wafanyakazi sita. Hakuna mtu alinishika mkono. Mkiona herufi imepotea, songeni mbele.

Kile nitawaambia kilinipata mimi mwenyewe. Sehemu nyingine hainipendezi kusema, lakini nitasema.

Kuna kijana humu aliuliza juzi vile mtu anajitayarisha nursing school asianguke. Mkamjibu na majina ya vitabu. Sawa. Mimi naongeza kitu haiko kwa kitabu.

Binti yangu wa kwanza ni Cherono. Alipoitwa college ya nursing hapa Nakuru, mimi nilitangaza kwa yadi yote. Mpaka wateja wa kununua msumari waliambiwa.

Darasani alikuwa moto. Karatasi alikuwa anapita zote.

Halafu mwaka wa pili akaanguka practical, ule mtihani wa mikono, wa kuosha kidonda.

Akaja nyumbani akasema, "Baba, time iliniishia." Akapewa nafasi ya kurudia mara moja tu. Akianguka tena, anafungasha. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya shule yao na hakukuwa na mtu wa kuongea naye.

Sikulala vizuri, wakuu. Kuna wazee hapa wangenicheka akirudishwa nyumbani.

Nikasema, kama shida ni time, hiyo ni kazi yangu. Mimi nimefundisha watu kukata mbao haraka bila kupoteza kidole. Nikamwambia alete kile kitabu chake anisomee hatua zote, moja moja, kwa Kiswahili. Anisomee tena. Na tena. Kufika siku ya tatu nilikuwa nazo kichwani zote: kusalimia mgonjwa, kumweleza, kufunga pazia, kuosha mikono, kufungua pakiti, glavu, kuosha kidonda kutoka ndani kwenda nje.

Nikachukua cypress kavu nikachonga mguu. Mguu wa mtu kabisa, na goti, na kidonda nimekipaka rangi nyekundu. Majirani walikuja kuona. Mmoja akauliza kama nimeanza uganga.

Kwa wale hamjui hii kazi, kuna kitu wanaita sterile. Ukishavaa ile glavu na kutandika kile kitambaa chao, mkono wako hauna ruhusa kugusa kitu kingine duniani. Hata kiti kimeoshwa leo. Ukigusa, umechafua, na unatakiwa useme, utupe glavu, uanze tena. Kwa sababu mgonjwa haoni huo uchafu. Ataujua wakati mguu umeoza.

Basi kila jioni nikifunga yadi, Cherono anasimama mbele ya mguu wa mbao, mimi naketi kando yake na saa.

Siku ya nne nikaona kitu.

Alikuwa anageuka kuchukua gauze ya kuoshea kidonda, glavu ikagusa stuli. Kidogo tu. Na yeye aliona, kwa sababu macho yake yalienda kwa stuli, yakaja kwangu, yakarudi kwa kidonda. Akaendelea. Akamaliza safi, tena mapema.

Nikamwambia, "Umegusa stuli."

"Sijagusa."

"Cherono. Niko na macho."

"Sijagusa, Baba."

Hapo nikapanda. Nilipiga kelele mpaka mbwa akatoka chini ya meza. Nikamwambia ni mwongo, ataua watu, afadhali aende kuuza nyanya. Yeye amesimama tu, mikono juu na glavu, kama mtu ameshikwa na polisi.

Mama yake akatoka jikoni, mkononi bado na mwiko. Mke wangu si mtu wa maneno mengi.

Akaniambia, "Baba Cherono, nyamaza. Hiyo ulimfundisha wewe."

"Mimi? Mimi nimfundishe uongo?"

"Unakumbuka ile thermos?"

Nilikumbuka, wakuu. Ningependa kuwaambia nilikuwa nimesahau.

Cherono alikuwa na miaka saba. Alivunja thermos siku tulikuwa na wageni wa kanisa. Hakuna mtu alimwona. Alikuja yeye mwenyewe, katikati ya watu, akaniambia, "Baba, nimevunja." Na mimi nikamsimamisha mlangoni na vipande mikononi, mpaka mgeni wa mwisho akatoka. Kila mtu akimpita anamwangalia. Nilidhani nafundisha.

Mama yake akasema, "Tangu hiyo siku umewahi kusikia mtu akikwambia amevunja kitu kwa hii nyumba?"

Ukweli ni kwamba miaka hiyo yote nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba kwangu hakuvunjiki kitu. Kumbe vinavunjika kama kwa kila mtu. Vinafichwa, vinagundishwa na gundi, vinabadilishwa nikiwa kazini.

Cherono akaanza kulia, glavu bado mikononi.

Akasema, "Si time, Baba. Hata ile siku ya mtihani niligusa trolley ya vifaa. Nilijua nimegusa. Examiner akaniuliza kama kuna kitu nataka kurekebisha, nikasema hapana. Akasimamisha mtihani hapo hapo."

Si mikono ilimwangusha. Ni mdomo.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

Mama yake alitaka nitoke hapo kwa mazoezi, aketi yeye. Nikakataa. Nikamwambia, huyo examiner hatakuwa na uso wako, atakuwa na uso wangu. Kama Cherono atajifunza kusema, ajifunze akiangaliwa na huu uso.

Nikabadilisha mpango. Nikamwambia Cherono, kila zoezi lazima uchafue mahali moja, mahali mimi sijui, na useme kwa sauti. Usiposema hatujafanya kitu.

Jioni ya kwanza hakuweza. Anagusa meza, mdomo unafunguka, hakuna kitu kinatoka. Mara tatu. Mimi nimeuma meno mpaka taya inauma. Kunyamaza ni kazi ngumu kuliko kubeba mbao, usidanganywe.

Jioni ya pili akasema. Sauti ndogo sana. "Nimechafua."

Na akiisema, akainua bega karibu na sikio. Vile mtoto anafanya akingoja kofi.

Mimi sijawahi kumpiga huyo msichana akiwa mkubwa. Lakini bega lilikuwa linajua kitu.

Nilitaka kusema mambo mengi. Nikasema maneno mawili tu: "Anza tena."

Akaanza tena. Tulienda hivyo kila siku. Kufika siku ya nane bega likawa linabaki chini. Siku ya tisa alinikemea mimi: "Mzee, sogeza kiti, unaninyima nafasi." Nikasogeza.

Siku ya mtihani nilimpeleka mwenyewe na lorry. Nikaegesha nje ya geti la college. Askari akaja kuniambia nitoe gari. Nikamwambia aite wenzake waisukume. Akaniacha.

Alitoka baada ya muda mrefu kuliko wenzake. Anatembea macho chini. Akapanda, akafunga mlango, akaanza kulia. Nikajua imeisha. Nikaanza kufikiria vile nitaambia watu wa yadi.

Halafu akanielezea.

Alikuwa anaenda vizuri. Katikati, akiinama, gauze iliyokuwa kwa zile koleo ndogo ikagusa sare yake tumboni. Examiner, mama mmoja mnene asiyecheka, wakati huo ameinama anaandika. Hajaona. Kidonda kimebaki kidogo tu kufungwa na saa inaenda.

"Baba, nilijua nikinyamaza nimepita."

"Ukafanya nini?"

"Nikasema. Nikamwambia, Sister, hii imegusa sare yangu, naitupa, na glavu pia natoa. Akaniangalia tu. Nikaenda kuosha mikono upya, nikaomba pakiti ingine. Kuandika ripoti ya mwisho nilifika nusu, time ikaisha."

Mkono wangu uko kwa key na sijawasha.

Wakuu, nitasema ukweli vile niliahidi. Kitu cha kwanza kilikuja kwa kichwa yangu ni: si ungenyamaza tu hii mara moja! Ilifika kwa ulimi. Niliimeza na ilikuwa chungu.

Nikamwambia, "Ulifanya vile tulifanya nyumbani." Nikawasha gari.

Tulingoja majibu siku sita. Sitaki kukumbuka hizo siku. Nilikata mbao za mteja fupi mara mbili.

Alipita. Alikatwa marks za time, lakini alipita. Akamaliza college, akapita mtihani wa leseni, na sasa yuko wodi ya upasuaji, anaosha vidonda vya watu wa kweli.

Kijana uliyeuliza, soma vitabu, practice mpaka mikono ijue. Lakini ufundishe mdomo pia. Kila mtu atagusa stuli siku moja.

Na nyinyi wazazi wenzangu wakali, mnaojivunia kwamba watoto wanawaogopa, nina kisa kimoja chenu.

Mwezi uliopita Cherono alikuja nyumbani. Nilikuwa nakunywa chai. Kabla hajaketi akaniambia, "Baba, nimegonga pickup yako kwa geti nikiingia. Taa moja imeenda."

Ile pickup naipenda. Nilisikia damu ikipanda, nikaweka kikombe chini. Nikamwangalia bega. Lilikuwa chini.

Nikamuuliza, "Umeumia?"

"Hapana."

"Basi keti, chai ni moto."

Sasa mniambie bila kujitetea: kwako, ni lini mtu alikuja akakwambia amevunja kitu kabla wewe hujakiona? Nangoja majibu yenu, hata matusi nitasoma.