Shangazi na Maneno ya Dhoruba

Shangazi yangu alikodisha maturubai ya shughuli kwa miaka ishirini na miwili, na mtu aliyegombana naye kuliko wote ni mtangazaji wa hali ya hewa. "Wewe baba," aliifokea redio, mkono kiunoni, "sema mvua ipo au haipo!"

Siku moja redio ilitoa angalizo la upepo mkali. Shangazi aliposikia upepo tu, akatuita sote tukashusha turubai kwenye mahafali ya wauguzi. Wageni wakaungua jua hadi jioni, hata jani halikutikisika. Mwezi uliofuata ikatoka tahadhari. "Yale yale," akasonya. Saa tisa alasiri dhoruba ikalinyanyua turubai kubwa na kulibwaga juu ya paa la jirani. Hakuumia mtu, ila shangazi hakutia kitu mdomoni siku ile.

Kesho yake akanikokota hadi kituo cha hali ya hewa. Tukamkuta mpimaji, mama mwenye miwani minene, akichungulia kipimo cha mvua uani.

"Mwanangu," shangazi akaanza, ingawa walikuwa rika moja, "mnatuficha nini?"

Yule mama akaangua kicheko. "Hatufichi, dada. Angalizo ni kwamba hali inaweza kuharibika: endelea na kazi, ila sikio liwe redioni. Tahadhari ni kwamba jambo liko njiani: fungasha, uondoke. Na tukisema asilimia thelathini ya mvua, basi siku za namna hiyo zikiwa kumi, mvua hunyesha katika siku tatu."

"Na hizo saba?"

"Hizo ndizo mnazotutukania."

Wakakaa ngazini kama waliosoma pamoja. Mpimaji naye akauliza turubai huanza kupigapiga upepo ukifikia kasi gani. Shangazi akamweleza habari za kamba na vigingi, na mwenzake akaziandika zote.

Baadaye tulikuwa harusini, jua linawaka, ikatoka tahadhari. Shangazi akaamuru watu wahamie ukumbini.

"Mama, unaniharibia shughuli!" baba wa bibi harusi akapayuka.

"Nichukie leo, baba, kesho utanisalimia."

Nusu saa haikupita, mawingu yakashuka, viti viwili tulivyosahau vikaruka ukuta. Ndani, bibi harusi alikuwa akicheza. Baba mtu akatufuata nje tulikokuwa tukishusha turubai, ameloa chapachapa, akitafuta maneno ya kuomba radhi.

"Utaniambia baadaye," shangazi akamkatiza. "Shika hiyo kamba kwanza."