Siku Niliyomuuguza Baba Mbele ya Washenga

Jamani, mkiniona nacheka nikisimulia haya msidanganyike, hii ni aibu ambayo mpaka leo ikinijia niko peke yangu jikoni huacha chungu nikakaa chini.

Ilikuwa miaka ile ya foleni, sukari foleni, sabuni foleni, nami ni mwanafunzi wa unesi, nimerudi likizo kwetu Chumbageni na kichwa kikubwa kuliko kofia waliyonipa, maana nilikuwa nimetoka kufaulu mtihani wa famakolojia kuliko darasa zima (vitabu hakuna, tulikuwa tunakariri daftari za waliotutangulia, dawa, kipimo, madhara, dawa, kipimo, madhara, kama watoto wa chuoni na juzuu zao).

Mama alikwishatangulia mbele ya haki, tukawa nyumbani watatu tu, Baba, mimi na mdogo wangu Mwanaidi. Baba alikula miaka yake kwenye mashine za mkonge, akawa anakohoa, na kikohozi chake sote tulikiita vumbi. Kila asubuhi anatoka na kikapu kwenda foleni ya sukari, anarudi mtupu, na wakati ule nani angeshangaa mtu kurudi mtupu?

Basi Jumamosi moja wakaja washenga kutoka Maramba, wazee wawili, mmoja wao ami yake kijana, wamefuata jibu la posa ya Mwanaidi. Mwanaidi alimpenda kijana yule kwa kweli, amejibanza chumbani nyuma ya pazia anasikiliza. Mimi si ndiyo nikavaa yunifomu nyeupe, niko likizo, sina zamu, sina mgonjwa, ila nilitaka wageni waone kwamba nyumba wanayooa ina msomi. Nikawapa shikamoo, nikawamiminia kahawa. Baba akaomba udhuru, aende uani mara moja, akirudi atoe neno.

Alipotoka chooni nikaingia mimi. Bomba lilikuwa halijatoa maji tangu juzi, hata ya kusuuza choo tunayabana, basi pale kwenye saruji nikaona mkojo wa Baba, mwekundu. Moyo ukanilipuka. Ningemwita pembeni nikamuuliza neno moja tu, yangekwisha. Lakini mimi na yunifomu yangu (na wageni wa kuniona) nikatoka mbio hadi barazani nikatangaza kwamba Baba anakojoa damu, figo zimeharibika, asisimame, asiguse kahawa, alazwe chini sasa hivi. Baba akasema taratibu kwamba hana kitu, niketi. Nikamjibu kuwa wagonjwa wote husema hivyo hivyo.

Ikawa ghasia. Majirani wakajaa, Mzee Karimu mwenye duka la jirani akatoa pikapu yake na petroli aliyokuwa ameibania siku nyingi, Baba akalazwa nyuma juu ya godoro mchana kweupe, mimi nimemshika kiganja nahesabu mapigo ya moyo kwa sauti watu wasikie, na washenga kwa uungwana wao nao wakapanda, maana huwezi kumwacha mkwe mtarajiwa katika hali ile. Njiani Baba akanivuta karibu akaninong'oneza, "Zuhura, mwanangu, turudi nyumbani." Nikamfunika shuka.

Hospitali tukairuka foleni yote mpaka kwa muuguzi mkuu wa zamu, mama mtu mzima, nikamweleza kwa lugha ya darasani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha hakuniuliza mimi kitu, akamwinamia Baba akamuuliza kama kuna dawa anazotumia. Mabenchi yamejaa watu, wote wanataka kusikia. Baba akanitazama mimi, akawatazama washenga, akasema, "Za kifua kikuu. Nimezinywa hapa hapa leo asubuhi."

Rifampisini. Hugeuza mkojo, jasho na machozi kuwa na wekundu, mgonjwa aelezwe mapema asije akaogopa. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwenye mtihani, neno kwa neno, nikapewa alama zote. Kumbe foleni ya sukari ilikuwa kisingizio, Baba alikuwa anakwenda kudungwa sindano na kumeza vidonge, na alituficha kwa sababu moja tu, Mwanaidi aolewe kwanza. Enzi zile nyumba ikishatajwa kifua kikuu, watu hawanywi hata maji ndani yake.

Yule ami alimpa Baba pole, akamwombea shifaa, kwa adabu kabisa. Wiki haikuisha zikaja salamu kwamba kijana amepata safari, mambo ya posa yasimame kwanza. Nilimpigia Baba magoti nikilia. Akaniambia, "Uliogopa nitakufa. Mtoto huogopa." Afadhali angenitukana.

Nimefanya unesi miaka mingi tangu hapo, na wanafunzi nikiwapata huwaambia kwamba madhara ya dawa utayakariri kwa ajili ya mtahini, lakini mgonjwa muulize, na umuulize kwa sauti ya chini, mkiwa wawili. Mimi na kupima watu barazani tuliachana siku ile ile, wallahi. Baba alipona, alhamdulillahi, dozi aliimaliza yote. Ila kliniki hakutaka nimsindikize. Mwenye unesi ni mimi, lakini aliyefuatana naye asubuhi zote zile, akimshika mkono, ni Mwanaidi.