Koti la Beni na Uzi wa Kodi

Baba yangu alikuwa kepteni, lakini wa ngoma ya beni tu. Siku za kazi alikuwa tarishi, akipeleka barua za ofisi ya serikali kwa miguu. Jumamosi jioni alivaa koti la buluu lenye vifungo vya shaba, akawaongoza wenzake kucheza nyuma ya tarumbeta, Kariakoo nzima. Na kepteni hana uso wa kusema sina! Wageni wa beni wakija kutoka Tanga, yeye ndiye wa kununua mbuzi. Mshahara ukifika nyumbani umeshaliwa na watu tusiowajua hata sura.

Mama alichoka. Bangili zake za fedha zilikuwa zimewekwa rehani kwa Mhindi mwenye duka pale pembeni, na kodi ya nyumba, ile ya serikali, ilikuwa inakaribia. Mwaka uliotangulia tulishindwa kuilipa, baba akapelekwa kuvunja kokoto za barabara. Alirudi viganja vimechubuka, na watoto wa mtaani wakamwimba kepteni wa kokoto. Nilipigana na wawili. Nikaapa kwamba baba yangu haendi tena kule.

Basi siku moja mama alituita watoto wote watatu, akatupa kila mmoja uzi wa katani. Senti kumi za siku zile zilikuwa na tundu katikati, na sisi ndio tuliokuwa tukitembeza vitumbua vyake asubuhi. Kila siku alitugawia sehemu ya mauzo tukaitunga. Uzi wa kaka ulikuwa wa mafuta ya taa. Wa dada ulikuwa wa sukari na chumvi.

"Na wewe mwenye mdomo," akaniambia, "shika kodi."

Nilikuwa na miaka tisa. Kichwa kilinivimba, sikusemeshwa siku mbili!

Mama hakuwa na mchezo. Dada alipotumia senti za sukari kununulia kashata, tulikunywa chai bila sukari siku nne. Tukilalamika anasema, "Mwulizeni mwenye uzi." Dada alilia, lakini kashata hakununua tena. Mimi uzi wangu ulizidi kuwa mzito, nikawa naulalia kama mto, naamka na alama za senti shavuni.

Zikiwa zimebaki wiki mbili karani wa kodi afike mtaani kwetu, baba alinifuata uani.

"Hujambo, mama? Mama yangu mzuri?"

Akishaniita mama mara mbili, najua ana lake.

"Niazime shilingi nne tu. Wageni wanafika kesho. Ijumaa ijayo nakurudishia."

"Weka rehani," nikasema.

"Rehani?"

"Mama akienda kwa Mhindi anaacha bangili. Wewe unaacha nini?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaenda ndani, akaniletea koti. Alisema ataazima la mwenzake mwenye homa. Nikamhesabia senti kumi arobaini, moja moja, naye akapokea kwa mikono miwili kama mtu mzima mbele ya mtu mzima.

Ijumaa ikaja. Akasema kesho. Jumamosi akasema kesho. Karani alikuwa anakuja Jumatatu.

Jumapili asubuhi nilikunja koti, nikalitia kwenye ungo wa vitumbua, huyo nikaenda sokoni kwa muuza nguo kuukuu. Akanipa shilingi tatu. "Tatu? Vifungo peke yake si vinazidi hizo?" Nilipiga kelele mpaka wauza mchicha wakaja kutazama. Akatoa nne na nusu za senti kumi kumi ili niondoke, nikazitunga.

Jioni baba akauliza, "Koti langu liko wapi?"

"Nimeuza, Baba. Ijumaa ilipita."

Upawa ulimponyoka mama. Mimi nilikwishajikunyata kungoja kofi. Baba aliketi kizingitini, akavitazama viganja vyake.

"Shilingi ngapi?"

"Nne na nusu."

"Zilinitoka ishirini," akasema.

Jumatatu aliuvaa ule uzi shingoni, akaenda kulipa mwenyewe, na stakabadhi akanikabidhi mimi. Mwisho wa mwezi mshahara wote aliutia mapajani mwa mama. Bangili zikarudi. Nilitembea mtaani nimebetua midomo, najiona nimeokoa ukoo mzima.

Halafu Jumamosi moja beni la kundi jingine likapita mbele ya nyumba yetu. Mbele kabisa, kijana mmoja mwembamba alikuwa amevaa koti la buluu. La baba! Baba mwenyewe alikuwa amesimama barazani na kanzu yake ya nyumbani, kati ya watazamaji, na miguu yake pekupeku ilikuwa inacheza yenyewe pale pale. Sijapata kuona uchungu kama ule. Nikamshika mkono.

"Nisamehe, Baba."

Hakuacha kutazama mpaka tarumbeta zikakata kona.

"Mbona ulikubali nne na nusu, mama?" akasema. "Mimi ningelinunua hata kwa sita."

Kesho yake nilimwomba mama uzi mwingine, wa koti. Alinikatia mrefu.