Fundi Mwenye Laini Mbili

Fundi wa nguo aliyeanzisha kundi la mafundi kwenye simu hakujua anajitafutia nini. Alikuwa na cherehani mbili kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, na alichotaka ni mahali pa kuuliza mambo ya kazi tu: sindano ipi inafaa kitambaa cha kuteleza, kola ikaeje bila kuvuta. Walianza watu kumi na wawili. Baada ya miaka mitatu walikuwa mia saba, wanamwita Mama Kundi, na uhuru wake ukawa umeota mbawa.

Kuondoa matapeli na kuamua ugomvi alishazoea. Kilichomchosha ni kwamba hakuweza tena kuongea kama mtu. Akisema rangi fulani haimvutii, watu wanauliza imepigwa marufuku tangu lini.

Jumanne moja, akipinda mguu wa suruali, akaandika kwamba yeye binafsi zipu za plastiki zinamkera roho. Basi, akaweka simu juu ya meza ya kukatia. Alipoichukua mchana, msimamizi mwenzake, karani mstaafu aliyependa kanuni kuliko chakula, alikuwa ameshamwondoa kundini muuza zipu mmoja na kubandika tangazo: kwa maelekezo ya uongozi, bidhaa hiyo haitajadiliwa.

Muuza zipu hakupiga simu. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni na mfuko wake wa bidhaa.

"Dada, nimekukosea nini?"

Fundi akachukua simu yake. Alimrudisha kundini palepale, akamwomba radhi mbele ya wote, kisha akampigia karani.

"Mimi nilisema kama mimi," akamwambia.

"Na mimi nitajuaje? Jina ni lilelile, picha ni ileile."

Fundi akakata simu, kwa sababu swali hilo lilikuwa na ukweli. Mumewe, aliyekuwa akimenya viazi, akasema hata yeye akiambiwa na mkewe chumvi imezidi hujihisi ameandikiwa barua ya onyo. Fundi hakucheka.

Kesho yake akasajili laini ya pili, akaipa jina Usimamizi na picha ya mkasi. Akatangaza kwamba kauli za kundi zitatoka huko. Laini yake ya zamani akaivua usimamizi. Hiyo, aliandika, ni ya fundi wa kawaida anayeweza kukosea na kubishiwa.

Alipata siku mbili za raha. Binti mmoja anayejifunza kazi alimbishia kuhusu mkono wa koti, wakavutana weee, na mwishowe binti ndiye akawa sahihi. Siku ya tatu fundi akaandika kwamba sare za kiwandani zimemchosha macho. Haikupita saa, mtu akayahamishia maneno yake kundi jingine: Mama Kundi akataza sare. Mwenye kiwanda kidogo cha sare akadai ufafanuzi. Fundi akaingia kwa laini ya Usimamizi, akajibu kwamba uongozi hauna msimamo juu ya sare. Chini yake karani akauliza, kwa heshima zote, kama uongozi una habari kwamba Mama Kundi amesema vingine.

Hapo maji yalimfika shingoni. Alikwenda hadi kwa karani, akamwekea ile laini mkononi.

"Shika wewe. Mimi nimebaki fundi."

Karani aliipokea kwa mikono miwili, furaha imemjaa usoni.

Ijumaa ya wiki iliyofuata fundi akawaandikia wenzake kwamba leo mgongo unamuuma, hashoni, analala. Kabla ya adhuhuri watu wanne walikuwa wamemuuliza karani kama kundi limefungwa, naye, kwa uaminifu wake wote, akampigia fundi kuomba maelekezo. Fundi aliitazama simu ikiita kitandani, kando ya mto wa kulalia. Jibu alikuwa nalo, tena lenye makali, lakini alijua akilitamka tu litabandikwa kundini kama agizo. Akaigeuza simu kifudifudi, akaiacha iite.