Nilivyomtetea Bwana Harusi

Nichekeni tu, ndugu zangu, nimestahili. Nafundisha fasihi ya Kiswahili hapa Kagugu, mtaa wa Kigali, na kinaya, yaani kusema kinyume cha unachokusudia, ndilo somo ninalojivunia. Nilikulia Tabora, Kigali sina ndugu. Jirani anayenisalimia "Mwalimu" kila asubuhi aliponiomba nimsindikize kuposa Jumamosi, shati nililipiga pasi tangu Alhamisi.

Siku ikafika, tukaketi hemani nyumbani kwa akina binti. Msemaji wa upande wa binti, mzee mwenye fimbo, akatamka kwa huzuni kabisa, "Mmechelewa. Binti huyo tulishamwoza."

Wenzangu wakatabasamu tu. Nikaona hawana uchungu na mwenzao. Nikainuka, nikafoka kwa Kiswahili, "Mzee, huu ni uonevu! Si mngetuambia mapema?"

Hema zima likaangua kicheko. Aliyekaa kando yangu akaninong'oneza kwamba ndiyo desturi: binti hukanwa kwanza ili aombwe vizuri. Kinaya chenyewe, na mimi ndiye mwalimu wake!

Mzee akafuta machozi ya kicheko, akaniuliza kwa upole, "Weye uko nani ya bwana harusi? Kaka? Binamu?"

Nikamgeukia bwana harusi anitambulishe. Alikuwa ameinama, akimuuliza mwenzake jina langu.