Upawa wa Hotelini

Mama mmoja, mpishi wa kantini ya shule, hakuwahi kuona sufuria ya nyama ikiachwa bila mtu wa kuilinda. Ndiyo maana hoteli ya ufukweni, ambako yeye na mumewe walilipiwa kila kitu na watoto wao, ilimtia kiwewe. Bahari aliipenda. Chumba kilinuka uvundo, lakini alikivumilia. Aliyefurahi kupita kiasi ni mumewe: asubuhi alikataa hata chai, ili mchana aingie na tumbo tupu.

Mchana mke akatangulia ukumbini, akakuta wageni wanajipakulia wenyewe. Mmoja amerundika kuku mpaka wanadondoka. Mwingine anachokoachokoa sufuria akisaka minofu.

“Jamani, adabu gani hii?”

Uzalendo ukamshinda. Akazunguka nyuma ya meza, akakamata upawa, akaanza kugawa. Wageni wakamdhania mfanyakazi, wakapanga foleni kimya kimya.

Mumewe alipofika, mate yakimjaa kinywani, akanyoosha sahani kubwa kuliko zote. Likatua bawa moja.

“Mama watoto, ni mimi!”

“Nimekuona,” akajibu bila kuinua macho. “Sogea, baba. Wenzako hawajala.”